Jinsi ya kutumia "determined" bila kuteleza

Hatua ya 1: Shika maana. Mtu "determined" ameazimia jambo na vikwazo havimrudishi nyuma. Ni sifa. Anayeng'ang'ania kwa ukaidi ni "stubborn". Asiyesikia la mtu, akifuata lake tu, ni "headstrong". Kwenye barua ya kuomba kazi, usijisifu kwa hayo mawili.

Hatua ya 2: Matamshi. Mkazo uko kwenye silabi ya pili, na mwisho hausomwi "maind". Sikiliza sauti kwenye kamusi ya Cambridge mtandaoni. Programu za kutafsiri usizitegemee peke yake, mara nyingi hazikuonyeshi vizuri neno linavyokaa kwenye sentensi.

Hatua ya 3: Usisahau "be". Hapa ndipo wengi wanapokwama. "Nimeazimia" ni kitenzi, kimebeba nafsi na wakati peke yake, kwa hiyo mwanafunzi anaandika "I determined to pass". Kompyuta huenda isipige mstari mwekundu, kwa kuwa sentensi hiyo ipo katika Kiingereza rasmi, ila maana yake ni "niliamua kufaulu". Andika "I am determined to pass". Wakati hubebwa na "be": "she was determined", "they have been determined".

Baada ya "determined" weka "to" na kitenzi kisichobadilishwa. "Determined for passing" ni kosa, na "determined to passing" pia. Mtendaji akiwa mwingine, tumia "that": "She is determined that her daughter will finish school".

Kukanusha nako kuna mtego. "I am not determined to fail" ni "sijaazimia kufeli", kauli inayomshtua msomaji. Ulichokusudia ni "I am determined not to fail": "not" hukaa kabla ya "to".

Ukikuta "by", kama "the price is determined by buyers", hapo hakuna nia ya mtu; bei inapangwa na wanunuzi. Jaribu kutanguliza "very". "A very determined woman" inakubali, "very determined by buyers" inakataa.

Hatua ya 4: Kabla ya nomino halina shida: "a determined effort", juhudi za dhati.

Hatua ya 5: Kinyume chake si "undetermined". Hilo ni la jambo ambalo halijabainika, kwa mfano chanzo cha kifo kwenye ripoti ya daktari. Kwa mtu anayesitasita andika "hesitant"; kwa anayefanya kazi nusunusu, "half-hearted".