Kupima maji ya tangi la samaki wa baharini

Juu ya tangi langu pana daftari lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Kila Jumamosi asubuhi, kabla sijawalisha samaki, napima maji na kuandika.

Anza na chumvi. Maji hupaa kama mvuke, chumvi hubaki. Hapa Mombasa kaskazi ikivuma, tangi langu la lita 200 hupungua hata lita 3 kwa siku. Lijazie maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi, si ya bahari. Mimi nilijazia ya bahari kwa wiki mbili, chumvi ikapanda hadi 39, na matumbawe yakajikunja yasifunguke. Kiwango ni 35, yaani gramu 35 za chumvi kwa kilo moja ya maji.

Kipimo chake ni rifraktomita, kifaa kidogo cha kuchungulia. Tonesha matone mawili kwenye kioo, funika pasibaki povu la hewa, ngoja nusu dakika, kisha kielekeze kwenye mwanga usome pale buluu inapokutana na weupe. Kila mwezi kisahihishe kwa maji maalumu ya 35. Wengi hutumia maji safi yasiyo na chumvi, lakini kifaa kinaweza kuwa sawa kwenye 0 na kikakosea kwenye 35.

Maji ya kubadilisha, ukiyachota baharini, chota bahari ikiwa imejaa, mbali na hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Masika, maji ya hori la Tudor huchanganyika na ya mito.

Sasa amonia, sumu itokayo kwenye kinyesi na vitu vinavyooza, ambayo ndiyo inayoua. Siku moja maji yalikuwa maangavu kabisa, lakini samaki walikuwa juu wakihema, mashavu yakienda mbio. Nikatia maji kwenye kichupa, matone ya dawa ya kupimia amonia, nikatikisa. Badala ya manjano, rangi ya maji yasiyo na amonia, ikaja kijani. Nilipogeuza mawe nikakuta konokono mkubwa ameoza. Nilimtoa, nikabadilisha theluthi ya maji kwa mengine yenye chumvi na joto lile lile, nikapima tena jioni. Amonia, na nitriti ambayo bakteria huitengeneza kutokana nayo, ziwe 0, basi. Tangi jipya lipe wiki nne hadi sita bakteria wanaozigeuza kuwa nitrati wajijenge, na usitie samaki kabla zote mbili hazijashuka.

Nitrati isizidi miligramu 20 kwa lita. Ukifuga matumbawe, 10. Hapa watu hudanganyika sana: dawa ya chupa ya pili ya kupimia nitrati hutuama chini, kwa hiyo itikise kwa nguvu nusu dakika nzima kabla ya kutonesha. Usipotikisa, utasoma namba ndogo na kufurahi bure. Soma rangi mchana, dirishani, karatasi nyeupe nyuma ya kichupa. Taa ya buluu ya tangi hubadilisha rangi zote.

Joto liwe kati ya nyuzi 25 na 27. pH, kipimo cha ukali wa asidi ya maji, ni 8.1 hadi 8.4, lakini alfajiri huwa chini kuliko jioni kwa sababu ya hewa ya ukaa inayojikusanya usiku. Ndiyo maana napima saa ile ile, saa mbili asubuhi, Jumamosi zote.