Jinsi ya kutumia "get" bila kung'ang'ania "kupata"

Wengi wetu tukiona get kichwani inakuja "kupata" tu basi, alafu mtu anakutana na I got lost anabaki anajiuliza huyu kapata nini tena. Dawa yake, usiikodolee macho get yenyewe, angalia kinachoifuata.

Kikifuata kitu, ndo kupata, kununua au kuletewa: I got a job, get me some water. Ikifuata sehemu ni kufika, what time did you get home? Ikifuata sifa ujue hali imebadilika, na hapo Kiswahili kina kitenzi kimoja tu kinamaliza kazi: get lost kupotea, get tired kuchoka, get drunk kulewa, get angry kukasirika. Get married wanaitumia mwanaume na mwanamke sawasawa, hamna cha kuoa wala kuolewa, na ni married to, sio with.

Sasa inayotusumbua kweli ni ya kufanyiwa kazi na mtu mwingine. Sisi tunasema "nimeshona gauni la harusi" na kila mtu anajua kuna fundi kalipwa, we hata uzi hujagusa. Mwambie Mwingereza I sewed a dress uone, atakuuliza cherehani umenunua lini. Sema I got a dress made. Mpangilio ni get, kitu chenyewe, alafu kitenzi cha ile safu ya tatu tuliyokaririshwa shule (go, went, gone), kwahiyo I got my phone fixed, I got my hair cut.

Kwenye usafiri, daladala, treni na ndege ni get on, kushuka get off. Taksi na gari dogo get in, kushuka get out of. Kipimo changu: unachoweza kusimama ukatembea ndani ni on, na bodaboda pia on kwa sababu unakaa juu yake.

I get it ni "nimeelewa", ingawa kwao iko wakati uliopo. I've got two kids ni "nina watoto wawili", hakuna kilichopita hapo. Gotten ni ya Wamarekani zaidi, she's gotten better, Waingereza wanasema she's got better, na kama unajiandaa na IELTS (ule mtihani wa Kiingereza) zote zinakubalika ila usizichanganye kwenye insha moja.