Kupinda mpira wa gofu: panga uso wa fimbo kabla ya miguu

Ukitaka mpira upinde kutoka kulia kwenda kushoto, nawe unatumia mkono wa kulia, kwanza elekeza uso wa fimbo, yaani sehemu bapa inayogonga mpira, kulia kidogo kwa shabaha, pale unapotaka mpira uanzie safari. Kisha panga miguu na mabega kulia zaidi, kiasi kwamba uso unabaki katikati ya mstari wa miguu na shabaha, halafu piga kwa kufuata mstari wa miguu. Mshiko ukazwe baada ya uso kukaa, kwa kuwa ukishika kwanza kisha ukausokota mkono, fimbo itarudi ilikokuwa wakati wa kugonga. Siri ni kwamba mpira huanza karibu na mahali uso unapotazama, kisha hupinda kuukimbia mstari ambao fimbo imepitia. Kwa mpindo wa kulia, geuza yote.

Fimbo ya chuma namba 6 au 7 ndiyo mwalimu mwema. Weji, fimbo yenye uso ulioinama sana, haifai, maana mpira hupaa na kuzunguka kinyumenyume kuliko kupinda. Katika nyasi ndefu za kikuyu zilizotapakaa viwanjani Nairobi, usijaribu kabisa: majani hujibana kati ya uso na mpira, na mzunguko unapotea. Aliyejifunzia Mombasa pia atarajie mpindo mdogo zaidi huku, kwa kuwa kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 hewa ni nyepesi.