Kuzima umeme mkubwa wa Prius kabla hujagusa inveta

Haibridi (magari ya injini pamoja na mota ya umeme) zilizotumika Japani zinaingia sana Tabora, na fundi aliyezoea injini peke yake akifungua boneti anakutana na nyaya nene za rangi ya chungwa. Hizo ndizo za umeme mkubwa. Hapa nazungumzia Toyota Prius toleo la pili: betri yake kubwa ina moduli (vijibetri) 28 za volti 7.2, jumla volti 201.6, ambazo inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota, inazipandisha hadi 500.

Kwanza ujue gari linavyojikata lenyewe. Kati ya betri na inveta kuna rilei (swichi za umeme) tatu kubwa, zinazoshikiliwa na umeme wa volti 12 kwa amri ya kompyuta. Ukiwasha, rilei yenye rezista (kizuizi cha umeme) hutangulia ili kapasita za inveta, zinazohifadhi umeme, zijae taratibu, ndipo rilei kuu inashika. Ukisikiliza vizuri utasikia tak, tak huko nyuma. Ukizima gari, au ajali ikafyatua eabegi, rilei zote zinaachia.

Lakini kuachia si kuisha umeme. Kapasita bado zimejaa, na betri haizimiki kamwe.

Sasa tuanze. Zima gari, hakikisha taa ya READY, inayoonyesha gari liko tayari kuondoka, imezimika, kisha ufunguo ukae mbali, mfukoni mwako na si kwenye kiti. Fungua buti ndipo utoe waya wa hasi wa betri ndogo ya volti 12. Usilifunge tena, maana kitasa chake kinatumia umeme huohuo na utaingia kwa kutambaa kupitia siti ya nyuma.

Vaa glavu za kukinga umeme za volti 1000. Za kuoshea vyombo hapana, hata zikiwa nene kiasi gani. Zijaze hewa, kunja mdomo, bana: zikivuja, tupa.

Chomoa plagi ya usalama yenye mpini wa chungwa, nayo uiweke mfukoni asije msaidizi akairudisha. Plagi hiyo inaigawa safu ya moduli vipande viwili tu. Ndani ya kasha la betri kubwa kila kipande bado kina umeme wa kuua.

Subiri dakika 5. Mteja anayetaka kuwahi Urambo atakuharakisha, mpe kiti akae.

Ukiwa bado na glavu, fungua kifuniko cha inveta. Jaribu mita kwenye betri ndogo uone kama inasoma, pima terminali za inveta upande wa DC, kisha rudi upime betri ndogo tena. Mita mbovu nayo husoma sifuri, ndiyo maana tunapima mara tatu. Inveta ikionyesha volti yoyote ya maana, usiguse; huenda rilei imegandana.

Wakati wa kurudisha plagi, mpini usukume mpaka ujifunge kabisa. Wengi huishia nusu, gari linagoma kuingia READY, wanaanza kufungua rilei. Angalia mpini kwanza.