SOMO: Swingi ya gofu kwa fimbo moja tu, namba 7

Wakuu salama? Watu mmenisumbua sana inboksi kuhusu swingi, yaani ule mzunguko wa fimbo wa kupiga mpira, haya leo naweka somo. Naanza kwa kuungama, miaka minne nimeitafuta swingi isiyo na kasoro, Jumamosi natoka uwanja wa gofu wa Lugalo nimeipata, Jumapili imeshayeyuka. Kuna mwalimu mmoja nilimlipa, simtaji, alinibadilishia vitu saba siku moja nikarudi home hata mpira siugusi, nafyeka majani tu kama niko shule ya msingi siku ya usafi. Kwahiyo haya nayoandika ni yale yaliyobaki baada ya kutupa mengine yote.

Kitu cha kwanza kuelewa: fimbo na mpira vinagusana kwa muda mdogo mno, chukua sekunde moja igawe vipande elfu mbili, hicho kipande kimoja ndo kila kitu. Mpira haujui ulipandisha fimbo kwa mbwembwe gani. Unajua uso wa fimbo ulikuwa unaangalia wapi, ulikuwa unapita njia gani, spidi gani, na umegongwa na sehemu gani ya huo uso, basi. Mcheki Jim Furyk, mchezaji wa Marekani, fimbo yake ikifika juu inazunguka kama mtu anafukuza nyuki, na bado alibeba US Open 2003, moja ya mashindano makubwa kabisa ya gofu, afu 2016 akapiga raundi ya mashimo 18 kwa mipigo 58 (mipigo michache ndo ushindi), ambayo PGA Tour, ligi kuu ya Marekani, hakuna aliyeshuka chini yake. Halafu Tiger Woods, 1997 kashinda Masters, shindano jingine kubwa, kwa tofauti ya mipigo 12, akaenda kuibomoa swingi hiyohiyo na kuijenga upya, 2000 akashinda US Open kwa mipigo 15. Ila wewe usinijie na habari za Tiger, bati moja likivuja hubomoi nyumba nzima.

Unahitaji namba 7 moja, ile fimbo ya chuma ya urefu wa kati, ya mtumba inatosha, na kitaulo cha jasho maana joto la Dar linateleza mikononi. Draiva, ile fimbo ndefu ya kupiga mbali, iache kwenye buti. Maelezo yote ni kwa anaepiga kwa kulia, mashoto geuzeni.

HATUA YA 1: MSHIKO
Hapa kaa hata wiki nzima, sitanii. Mkono wa kushoto, fimbo ilale kwenye mashina ya vidole, sio katikati ya kiganja. Ukiangalia chini uone vifundo viwili vya mkono huo, ukiona kimoja au huoni kabisa, mpira utakukimbilia kulia maisha yako yote. Mkono wa kulia unakuja kufunika dole gumba la kushoto. Kidole kidogo cha kulia unaweza kukilaza juu ya kidole cha shahada cha kushoto kama alivyofanya Harry Vardon aliyechukua The Open, shindano kubwa la Uingereza, mara 6, au ukavifunga hivyo viwili pamoja kama Tiger na Jack Nicklaus, au vidole vyote kumi vikae kwenye fimbo, mie sigombani na mtu hapo. Nachogombania ni kubana. Shika kama umeshika pakiti ya maziwa iliyokatwa kona, ukiminya yanakurukia shati, ukilegeza yanaanguka.

HATUA YA 2: KUSIMAMA
Inama kutoka kwenye nyonga mgongo umenyooka, magoti yalegee kidogo. Wengi wanachuchumaa kama wamesimamishwa na askari. Mtazame mtu anaepiga deki kwa tambara, ule mkunjo wa nyonga ndo wenyewe, ila wewe hufiki chini hivo. Mpira ukae katikati ya miguu. Kuhusu kulenga fikiria reli: chuma kimoja kinapita kwenye mpira kuelekea shabaha, kingine kinapita kwenye vidole vya miguu yako. Ukielekeza miguu kwenye bendera ya shimo yenyewe umeshakosea.

HATUA YA 3: KUPANDA
Geuza mabega mpaka mgongo uangalie shabaha. Usiinue kwa mikono. Polepole.

HATUA YA 4: KUSHUKA
Hapa ndo nimepoteza miaka yangu. Tunashuka kwa mikono na mabega kwasababu tuna hasira na mpira. Ulishawahi kurusha kijiwe bapa kiruke ruke juu ya maji? Mguu wa mbele unatua kwanza, kiuno kinafata, mkono unakuja mwisho kabisa tena bila kuambiwa. Ni hivohivo. Uzito uwe umeshahamia kushoto kabla fimbo haijafika chini.

Zoezi lake la bure hili: nenda Coco Beach alfajiri maji yakiwa yamekupwa, chora mstari kwenye mchanga mbichi, uweke katikati ya miguu, piga swingi bila mpira. Alama ya fimbo ianzie kwenye mstari au mbele yake upande wa shabaha. Ikianzia nyuma bado unachota, yaani unagonga chini kabla ya mpira. Mimi siku ya kwanza kati ya 30 zilikubali 4. Angalia tu wanaokimbia mazoezi wasipite karibu yako, fimbo haichagui.

Mwendo: kupanda kuchukue kama mara tatu ya kushuka. Hesabu moja, mbili, tatu, PA. Kisha malizia na uganda hapohapo mpaka mpira udondoke, ukiyumba ujue ulitumia nguvu.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Tabata: Mkuu mpira wangu unakata kulia kama ndizi, nikilenga kushoto ndo unazidi. Nimelogwa?
JIBU: Hujalogwa kaka. Mpira unaanza kuelekea karibu na pale uso wa fimbo unapoangalia, afu unapinda kwasababu njia ya fimbo ni tofauti na huo uso. Uso wako uko wazi, yaani umegeukia kulia kulinganisha na njia. Ukilenga kushoto unazidisha tofauti. Rudi hatua ya 1 kahesabu vifundo.

Dada wa Kigamboni: Sina nguvu, mpira unaburuzika chini, nijaribu kuuinua?
JIBU: Dada usiuinue! Ile namba 7 uso wake umelala nyuma wenyewe, kazi ya kuinua ni yake. Wewe gonga mpira kwanza ndo uguse majani.

Mdau wa Ilala: Mwanangu nina miaka 63, mgongo haugeuki. Niache?
JIBU: Shikamoo mzee wangu. Usiache. Kisigino cha kushoto kiachie kiinuke wakati wa kupanda, Nicklaus alikuwa anafanya hivo, na ncha ya mguu wa kulia igeuze nje kidogo. Ila mgongo ukiuma nenda hospitali kwanza.

Mdau wa Sinza: Sina pa kuanzia, uwanja wa Gymkhana au Lugalo?
JIBU: Kwa Sinza Lugalo ni jirani. Gymkhana ipo karibu na bahari, upepo utakufundisha adabu. Popote uendako ongea na makedi, wale wabeba fimbo, wameona swingi nyingi kuliko waalimu wengi.

Mdau wa Mbezi: Sasa mkuu wewe yako umeipata?
JIBU: Jumamosi nilikuwa nayo mpaka shimo la sita.