Kutoka ngozi ya mgonjwa hadi neva

Mama yangu anabebesha miche ya parachichi hapa Tukuyu. Nilipokuja likizo akaniuliza, huko maabara Uingereza wewe unabebesha nini? Nikamwambia ngozi, mama, naigeuza neva. Akacheka. Naandika kama nilivyomweleza.

Kwenye ugonjwa wa ALS zinakufa neva zinazoamuru misuli. Uti wa mgongo wa mtu aliye hai haukatwi kuangaliwa, basi anza na ngozi, kwa ridhaa yake ya maandishi.

Kipande cha milimita 3 hadi 4 kinatosha. Kikatekate, kiweke kwenye sahani yenye chakula, nyuzi 37. Baada ya wiki kadhaa seli zitatambaa kutoka pembezoni. Ziingizie zile jeni nne alizogundua Shinya Yamanaka wa Japani (panya 2006, binadamu 2007), zinazorudisha seli ya ngozi kuwa seli shina. Sisi jeni hizo tunazibebesha kirusi kiitwacho Sendai, kiziingize ndani ya seli. Kama mwezi hivi, hadubini itakuonyesha visiwa bapa, kingo zake safi kana kwamba zimepitishwa wembe. Hizo ndizo seli shina, zinazoweza kugeuzwa seli za aina nyingine. Chokoa kisiwa kimoja kimoja, kihamishie sahani mpya.

Chakula badilisha kila siku. Mimi niliwahi kuruka Jumapili moja. Jumatatu nikakuta kingo zimechakaa, seli zinageuka zenyewe ovyo. Nilimwaga sahani sita.

Ili ziwe neva, zipe asidi ya retinoiki na kemikali inayoiga ishara za uti wa mgongo wa kijusi, wiki tatu au nne. Kisha zipake rangi ya kutafuta HB9, protini inayotambulisha neva za misuli. Zisipowaka, usijidanganye.

Kosa linaloua kazi ni kulinganisha seli za mgonjwa na za mtu mwingine asiye mgonjwa. Watu wawili wanatofautiana kwa mengi, si ugonjwa tu. Mama alilishika hili upesi kuliko wanafunzi wangu: "Mbolea naijaribu kwenye miche ya kikonyo cha mti mmoja." Ndivyo. Kama hitilafu iko kwenye jeni ya SOD1, mojawapo ya zinazoleta ALS, irekebishe kwa CRISPR, mbinu ya kukata na kurekebisha jeni, katika sehemu ya seli za mgonjwa mwenyewe, ukuze zilizorekebishwa na zisizorekebishwa siku moja, chakula cha chupa moja. Ila wagonjwa wengi hawana jeni inayojulikana. Kwao kusanya seli za watu wengi tu.

"Halafu neva mnamrudishia mgonjwa mwenyewe?" mama akauliza.

Hapana, zinabaki sahanini, tunazijaribia dawa. Ropinirole, dawa ya ugonjwa wa Parkinson, Wajapani waliichagua hivyo hivyo, wakaipeleka kwenye majaribio ya wagonjwa wa ALS.

Mama akanyamaza, akaendelea kufunga nailoni kwenye kikonyo.