Jinsi ya kulinganisha matumizi ya serikali, rais kwa rais

Kila bajeti inaposomwa, baraza za Mombasa hugawanyika: huyu asema Kibaki alitumia vizuri, yule asema Uhuru alitumia kupita kiasi, mwingine Ruto anabana mno. Wengi hubishana kwa jumla tupu, na jumla tupu haithibitishi kitu. Nasaidia vikundi vya vijana kuchambua bajeti, na utaratibu tunaoufuata ni huu.

Hatua ya 1: Amua mwaka ni wa nani. Mwaka wetu wa fedha huanza Julai 1 na kwisha Juni 30, lakini marais hawapokezani kwa kalenda hiyo. Uhuru aliapishwa Aprili 9, 2013. Ruto aliapishwa Septemba 13, 2022, akaikuta bajeti ya 2022/23 imeshapitishwa. Mimi humhesabia mwaka rais ambaye bajeti ilisomwa chini yake. Waweza kuchagua kanuni nyingine, mradi uishike hadi mwisho.

Hatua ya 2: Usichanganye makadirio na matumizi. Kinachosomwa Bungeni ni makadirio, na bajeti ya nyongeza huyabadilisha. Mgao wa kaunti, yaani pesa ambazo serikali kuu huzigawia kaunti, wa 2024/25 ulipitishwa kwanza ukiwa shilingi bilioni 400. Mswada wa Fedha, uliokuwa na nyongeza za kodi, ukaondolewa Juni 2024 baada ya maandamano, na mgao ukashushwa hadi bilioni 387. Ukiandika 400 kwa Ruto umemsifu kwa pesa ambazo kaunti hazikupewa. Kwa miaka iliyopita, tafuta ripoti za Msimamizi wa Bajeti na za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu.

Hatua ya 3: Ondoa mfumuko wa bei, kisha gawa kwa watu. Hapa ndipo ubishi mwingi huisha, kwa hivyo shika kalamu. Mwaka 2013/14 kaunti zote 47 zilitengewa bilioni 190. Mwaka 2022/23, bajeti ya mwisho kusomwa chini ya Uhuru, zikatengewa bilioni 370. Kwa macho, pesa zimekaribia kuongezeka maradufu.

Sasa chukua mfumuko wa asilimia 6 kwa mwaka, kadirio lisilo mbali na hali ya miaka ile. Zidisha 190 kwa 1.06 mara tisa: utapata kama 321. Yaani bilioni 321 za 2022 zinanunua kile kilichonunuliwa na 190 za 2013. Nyongeza ya kweli ni kutoka 321 hadi 370, kama asilimia 15.

Bado watu. Sensa ya 2009 ilihesabu Wakenya milioni 38.6, ya 2019 milioni 47.6, karibu asilimia 2.1 kwa mwaka. Kwa miaka tisa hiyo ni kama asilimia 21. Basi kwa kila kichwa, mgao ulipungua kidogo. Hilo huwezi kuliona kwenye hotuba ya bajeti.

Hatua ya 4: Angalia kilichohama. Kabla ya ugatuzi wa 2013, yaani kazi za serikali kuu kuhamishiwa kaunti, hospitali kuu ya Makadara hapa Mombasa (Coast General) ilikuwa mikononi mwa serikali kuu. Leo iko chini ya kaunti. Ukilinganisha bajeti ya Wizara ya Afya ya Kibaki na ya Uhuru bila kujumlisha kaunti, utamsingizia Uhuru kwamba aliitelekeza afya.

Hatua ya 5: Deni liwe na safu yake. Deni la taifa lilikuwa karibu trilioni 1.9 Juni 2013, likafika trilioni 8.6 Juni 2022. Riba na marejesho yasichanganywe na dawa wala madarasa. Mkopo wa reli ya Mombasa hadi Nairobi ulisainiwa 2014, treni ya abiria ikaanza 2017, na bajeti za Ruto bado zinaulipa. Weka malipo hayo kwenye miaka ya Ruto, kisha pembeni yake andika ni nani aliyekopa na lini.